Utusalimie wa Kule

Asubuhi za Panda, kambi ya wafanyakazi wa shaba mjini Likasi, Kongo, zilinuka kiberiti. Moshi ulitoka kwenye mabomba ya kiwanda, ukashuka taratibu juu ya mabati ya kambi, na kabla mtu hajanawa uso alikuwa tayari na ladha ya msumari mdomoni. Mama alitazama kwanza moshi unaelekea wapi, ndipo aanike nguo. Ukielekea upande wa stesheni, alianika. Ukija kwetu, nguo zilibaki kwenye beseni, maana kikwembe kibichi kikipigwa na moshi ule kilitoka madoa, na baada ya muda kilitoboka kama kimeliwa na panya. Mjini, kwenye barabara za wakubwa wa kampuni, kulikuwa na miti iliyomwaga maua ya zambarau mpaka barabara yenyewe ikabadilika rangi. Kwetu maua hayakuota. Kulikuwa na udongo mweusi uliofagiliwa vizuri. Naanza na moshi huo kwa sababu watu huniuliza mashairi yangu nayatoa wapi, mimi niliyeishia darasa la nne, na jibu langu linaanzia pale, kwenye nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili na ukuta mmoja tuliogawana na jirani.

Jina langu ni Mujinga. Msomaji wa Tanga au Mombasa acheke kwanza, amalize, kisha tuendelee. Kwa Kiluba ni jina la mtoto aliyezaliwa na kamba ya kitovu imemzunguka shingoni, na ni jina la heshima, lakini kambi yetu ilikuwa na watu wa kila mto na kila kilima, na kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili. Basi watoto walinisubiri kwenye bomba la maji. "Mujinga, akili umeacha wapi?" Nami nilijifunza kujibu haraka: "Nilikopesha mama yako, muulize atarudisha lini!" Nadhani hilo ndilo lililokuwa shairi langu la kwanza. Nilijua mapema kwamba neno linaweza kuwa taji upande mmoja wa ukuta na tusi upande wa pili, na kwamba aliyesimama katikati, anayejua pande zote mbili, ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Sikujua bado jinsi nguvu hiyo inavyoweza kutumiwa.

Aliyesimama katikati kambini kwetu aliitwa Serafini Lumbwe. Namtaja kwa jina lake lote kwa makusudi. Alikuwa jirani yetu wa ukuta, katekista wa parokia, na alijua Kiluba, Kibemba, Kiswahili na Kifaransa. Padri akihubiri, Serafini alitafsiri. Mtu akiitwa ofisini, Serafini alimsindikiza. Serikali ilipokataza majina ya Kikristo, alisimama kanisani akatangaza kwamba yeye sasa ni Sitwayen Lumbwe, yaani Mwananchi Lumbwe, na watu wakaendelea kumwita Serafini, naye akaitika. Alikula kwetu mara nyingi. Mama alipopika bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, aligonga ukutani kwa mwiko, na Serafini alikuja na kiti chake mwenyewe. Mwisho wa mstari wa nyumba alikaa Mama Zaina, mke wa muuza duka, Mwislamu mwenye asili ya Kasongo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Nikisema "mutu ya Panda", alifunga macho kama aliyeumwa jino. "Mtu wa Panda, mwanangu. Mtu wa. Huyo si gunia." Hiki Kiswahili unachokisoma hapa nilikipata kwenye kizingiti chake, nikichambua mchele.

Mama yangu, Mama Ngoi, hakujua kusoma. Alijua kuimba wafu. Wimbo wenyewe kwa Kiluba huitwa kasala, na ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mwimbaji anamwita marehemu kwa jina, kisha kwa jina la baba yake, la babu yake, la mto aliokunywa akiwa mtoto, la kilema chake, la mbwa wake kama alikuwa naye. Hamsifu tu. Anamkusanya. Mtu aliyekufa kiwandani akiwa namba tu alikusanywa na mama yangu mbele ya watu mpaka akawa mtu tena, na wenye deni la machozi wakalipa. Mara nyingi watu wa kambi hawakujua nusu ya hayo kuhusu jirani waliyeishi naye. Walikuja matangani kumfahamu. Na mwisho wa kila wimbo wa maiti kulikuwa na mstari mmoja usiobadilika: Ukifika, utusalimie wa kule. Kwa sababu marehemu anakwenda waliko wengine, na si vizuri msafiri aondoke bila kupewa salamu. Hapo wanawake wote walipaza sauti, hata wale wasiojua Kiluba, Wabemba, Walunda, na Mama Zaina pia akiwa na mtandio wake kichwani. Kuna wimbo mwingine wa kumsifu aliye hai, arusini au mtu anapopewa uchifu, na huo humalizika kwa maneno mengine: Simama tukuone. Nilikaa miguuni pa mama katika nyimbo hizo zote, nikijua lini atavuta pumzi.

Baba alikufa kwa kifua mvua za kwanza zilipoanza, wakati wanawake wa Kapolowe wanapoleta uyoga barabarani, umepangwa kwenye sahani za bati. Alikuwa amekohoa kwa muda mrefu, kwa hiyo kifo chake hakikumshangaza mtu. Mama alimwimba mwenyewe. Si kawaida mjane kufanya hivyo, lakini hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo, na alisema hawezi kumwacha mumewe Mwilambwe aende kimya kama gunia la posho. Alimwimba tangu mchana mpaka jua likaingia nyuma ya mabomba. Alipomaliza alinyoa nywele, akavaa kikwembe cheusi, na kwa desturi ya kwao mdomo wake ukafungwa: mpaka matanga yavunjwe, baada ya miezi mingi, mjane haruhusiwi kumwimbia aliye hai. Mdomo wake ni wa upande ule, wa wafu.

Lililobaki lilikuwa nyumba. Kila mtoto wa kambi alijua jambo hili kama anavyojua jina lake: nyumba ni ya kazi, kazi ni ya baba, baba akifa nyumba inaondoka. Watu walipewa muda wa kulia, kisha lori lilikuja. Tulikuwa watoto wanne, mimi mkubwa, na hatukuwa na kwetu kwingine ila kijiji cha mjomba kule Kapolowe, ambako shule ilikuwa mbali na mjomba alikuwa mlevi. Mama hakulisema, lakini alianza kuipaka nyumba rangi. Alichanganya chokaa na maji, akapaka chumba cha mbele, akapaka cha nyuma. Serafini alisimama mlangoni akamtazama. "Mama Ngoi, unapaka nyumba ya nani?" Mama akajibu bila kugeuka, "Ya atakayelala humu." Serafini alicheka. Baadaye nilikumbuka kwamba mwanawe mkubwa alikuwa ameoa mwaka ule, na walikuwa wanalala jikoni.

Shefu wa kambi aliitwa Kyembe. Huyu naye namtaja. Alikuja siku ya salongo, watu wote wakiwa nje wanafagia mifereji, na beji ya Chama kifuani. Alikuwa amemsikia mama siku ya msiba wa baba. Alikaa kwenye kiti kizuri tulichokuwa nacho, akasema:

"Mama, sauti kama ile unapatia maiti bure?"

"Si bure, shefu. Ni bwana yangu."

"Kamisari wa jimbo iko nakuja. Kila kambi itacheza, itaimba. Yetu inaimba kama mbuzi. Weye utaimbia Rais ile wimbo ya kwenu, ya kuita mababu. Authenticité, mama, mambo ya mababu! Kamisari akifurahi, nyumba hii mutabaki ndani mpaka batoto bakomae. Mimi njo nasema."

Mama alimweleza habari ya matanga. Alieleza polepole, kwa heshima, kama mtu anayemweleza mgeni kwa nini haingii na viatu. Kyembe alisikiliza mpaka mwisho, akafuta beji yake kwa kidole gumba. "Rais ni baba ya wote," akasema. "Kwa baba ya wote hakuna matanga." Akaondoka. Hakusema lori litakuja lini. Hakuhitaji.

Wiki zile mama alifanya kazi kama fundi. Kasala haiwezi kuimbwa bila mababu, na Rais alikuwa mtu wa mbali, wa mto mwingine, lugha nyingine. Alinituma kwa walimu, kwa mwenye redio, kwa askari mmoja aliyewahi kukaa Kinshasa: mama yake Rais aliitwaje, bibi yake aliitwaje, utotoni alikula samaki gani? Watu walinitazama kama nimetumwa kuroga. Wanawake wa kikundi walikuja uani jioni kufanya mazoezi, na walimcheka. "Ngoi, usisahau kumtaja mbwa yake!" "Mbwa yake ni Kyembe!" wakajibu wengine, wakapigana mabega kwa kicheko. Mama naye alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alirudia mwisho wa wimbo mara nyingi, Simama tukuone, Simama tukuone, akitikisa kichwa kama mtu anayejaribu kiatu cha mguu usio wake. Katika mazoezi hakukosea hata mara moja. Hilo nalisema kama shahidi.

Kamisari alikuja mchana wa jua kali baada ya mvua, uwanja wa mpira ukitoa mvuke. Tulisimamishwa tangu asubuhi, shule nzima, tukiwa na bendera za karatasi. Moshi ulishuka kwetu siku hiyo, na Kamisari aliketi chini ya turubai na kitambaa puani. Nyuma ya kiti chake, kwa ajili ya kutafsiri, alisimama Serafini akiwa na abakosti mpya, lile koti la wakubwa wa Chama lisilovaliwa na tai. Kambi nyingine zilicheza. Kisha mama alitoka mbele. Walimlazimisha avue kile cheusi na kuvaa kikwembe cha Chama, chenye uso wa Rais, na uso ule ulikaa tumboni kwake. Nywele zilikuwa zimeanza kuota tu.

Aliimba. Nimesikia waimbaji wengi tangu hapo, na nimelipwa kuwasikiliza, lakini uwanja ule sijausikia tena mahali popote. Alimwita Rais kwa mama yake. Alimwita kwa mto wake, kwa samaki wa mto huo, kwa mtumbwi. Wazee wa Kiluba waliokuwa wamekuja kwa kulazimishwa walianza kuinua vichwa. Hata Kamisari alishusha kitambaa, akawa anatikisa mguu. Kyembe alitabasamu kama mwenye ng'ombe sokoni. Mama alifika mwisho, akavuta pumzi pale nilipojua atavuta, akafungua mikono kuelekea ile picha kubwa iliyotundikwa kwenye nguzo, na mdomo wake ukasema: Ukifika, utusalimie wa kule.

Na wanawake wakalia. Hakuna aliyewaza. Miaka mingi ya misiba iliwajibia. Uwanja mzima wa wanawake wa Panda ulipaza sauti kwa kilio cha maiti, mikono kichwani, mbele ya picha ya Rais. Kisha mmoja mmoja wakatambua, kikafa kilio, nikasikia mashine za kiwandani.

Kamisari hakuwa mtu wa kwetu. Kwake yeye, kilio kile kingeweza kuwa shangwe. Aligeuka akamuuliza Serafini kwa Kifaransa mama anasema nini. Sasa nataka kila anayesoma aone vizuri jinsi ilivyokuwa rahisi. Neno lilikuwa kule. Kule ni wapi? Kule ni popote, kwa Kiluba kama kwa Kiswahili. Mama Zaina alikuwa karibu yangu, na alifika mbali kuliko wote kwa akili, akanong'ona kwa nguvu, macho kwa Serafini, "Sema Kinshasa. Baba, sema Kinshasa." Rais akifika Kinshasa, atusalimie watu wa Kinshasa. Wimbo mzuri, kambi ya adabu, nyumba imebaki. Serafini alimwangalia mama. Alikohoa. Kisha akainama kwenye sikio la Kamisari, na katika aliyoyasema nilitambua neno moja la Kifaransa, mort, kufa, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyetufundisha hilo kwenye katekisimu, Mwokozi aliyekufa.

Walimchukua mama palepale, na kile kikwembe chenye uso tumboni. Walimweka siku kadhaa. Alirudi akiwa na mkono mmoja usioinuka sawasawa. Kyembe alituma lori asubuhi iliyofuata kurudi kwake, pamoja na askari mmoja, kana kwamba tungeipigania. Vitu vilikuwa vichache. Serafini hakutoka nje, lakini mkwe wake alikuwa amekwisha simama uani na beseni kichwani, akisubiri tumalize kutoa kitanda. Mama alimpisha mlangoni, akamwambia, "Chokaa ya kule nyuma inashika nguo. Musiegemee." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho katika nyumba ile.

Kapolowe tulilima na kuuza uyoga kwenye sahani za bati, kwa watu waliopita na magari kwenda Lubumbashi. Shule iliishia hapo. Mdogo wetu wa mwisho hakumaliza mvua za pili, na mama hakumwimba. Hakumwimba tena mtu yeyote. Mara moja tu, nikiwa nimekua, nilimuuliza kama alikusudia. Alikuwa anachambua uyoga, akitupa wenye sumu upande mmoja. "Mudomo ilienda yenyewe," akasema. Akatupa mwingine: "Njia ile tu njo ilijua." Nimeligeuza jibu hilo kila upande, na sijui. Wasomi waliokuja na vinasa sauti wanataka niseme alikuwa shujaa, alimzika dikteta akiwa hai, mbele ya Kamisari wake. Ni hadithi nzuri. Lakini alikuwa na watoto wanne na alipaka chokaa. Mimi ninaamini mdomo.

Na mashairi yangu yametoka kwenye mdomo huo. Alipokufa mama, hakukuwa na mwingine, nikasimama. Niliimba kwa Kiswahili, cha Mama Zaina na cha bomba la maji vikiwa vimechanganyika, kwa sababu niliapa kwamba hakuna mtu atakayesimama tena kati ya maneno yangu na masikio ya watu. Baadaye nilianza kuyaandika, herufi kubwakubwa kama za mtoto wa darasa la nne. Watu husema mashairi yangu hayana picha nzuri, ni majina tu, majina na mito na vilema. Kweli. Nilikulia mahali ambapo mtu alikuwa namba, na nikaona kazi ya wimbo ni nini. Husema pia kwamba naogopa kumaliza, kwamba nazunguka mstari wa mwisho kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hilo nalo ni kweli. Mstari wa mwisho ulituondoa nyumbani.

Siku hizi nakaa Likasi tena, nyumba ya kupanga. Panda hakunuki. Mabomba yamesimama bila moshi, mengine yamekatwa vyuma, na maua yanaota mbele ya nyumba za kambi, ya njano na mekundu, watoto wanayachuma bila kujua kwamba ni ajabu. Watoto hao hawajawahi kuonja msumari hewani. Baba zao vilevile hawana kazi. Wanachimba kwa mikono na malori ya wageni yanabeba. Kampuni ilipochoka, nyumba waliachiwa waliokuwa ndani yake. Mwaka uliopita kijana alibisha hodi kwangu, amevaa shati safi, amekunja mikono mbele kama anavyopaswa kijana mbele ya shangazi.

"Tantine, shikamoo. Babu yetu alituacha jana. Banasema ku Likasi muzima, weye njo unajua kuita bantu."

"Babu yako nani?"

"Serafini Lumbwe, wa Panda."

Hakujua lolote. Nilimtazama mpaka nikahakikisha. Nilimuuliza kama baba yake anajua amekuja kwangu, akasema baba ndiye aliyemtuma, lakini hakutaka kuja mwenyewe. Nikavaa kikwembe, nikaenda.

Maiti ilikuwa chumba cha mbele, katika nyumba yetu ya zamani. Ukuta ule wa mama umepakwa rangi ya kijani, na chini karibu na sakafu, ambako kijani kimebanduka, niliona chokaa. Watu walikaa uani chini ya turubai. Simu ya mtu ilikuwa inapiga kwaya, nikaomba izimwe. Kisha nikamkusanya Serafini Lumbwe. Sikumpunguzia kitu. Nilimwita kwa baba yake na kwa kilima chake, kwa lugha zake nne, kwa kiti alichobeba kuja kula kwetu, kwa mwiko uliogonga ukuta, kwa katekisimu aliyotufundisha. Nilimwita kwa uwanja wa mpira na kwa abakosti mpya. Nilimwita kwa neno moja la Kifaransa, na kwa mlango niliokuwa nimesimama ndani yake. Wazee wachache waliokuwepo siku ile waliinamisha vichwa. Mwanawe alitazama viatu vyake. Vijana walidhani ni sifa, wakaitikia.

Nikafika mwisho, na wanawake wakashika vichwa tayari, wakisubiri mstari wao. Ningeweza kukaa chini, nikamwacha aende bila salamu ya mtu. Nilikuwa nimekuja na nia hiyo. Lakini hakuna mwingine aliyekuwa anakwenda huko siku ile, na mama amekaa miaka mingi bila habari zetu. Nikavuta pumzi.

Ukifika, Serafini, utusalimie mama yangu kule. Mwambie Mujinga anaimba. Na safari hii, usitafsiri.